Boriti za nyumba iliyoanguka: nimezifanya kazi ya sanaa, naomba mawazo ya mafundi na wasanii

#1 Kidaka_cha_Bibi (Unguja)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nawaomba subira.

Nyumba ya ukoo wa bibi yangu, Mji Mkongwe, ilianguka masika ya mwaka juzi. Haikuanguka yote. Ulikwenda ukumbi wa juu na chumba cha nyuma, ngazi ikabaki inaning'inia. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, maana dari ilikuwa imeshaanza kumwaga unga na watu tulishawahamisha. Kilichoniuma ni kilichofuata. Kifusi kilitakiwa kiondoke ndani ya wiki moja: mawe yakajazie msingi wa watu, boriti ziende kwenye tanuri la mikate. Niliomba siku tatu. Nikatoka na boriti 41, magunia ya lipu iliyobanduka, na vipande sita vya matumbawe ya kuchonga vilivyokuwa ukingo wa kidaka alichokuwa bibi akiwekea Msahafu wake.

Kwa asiyejua: dari za nyumba zetu za mawe zinabebwa na miti ya mikoko. Inapangwa karibu karibu, juu yake mawe, juu ya mawe zege la chokaa, kisha zamani watu walikuwa wakiipiga ile dari kwa vipande vya mti siku kadhaa, huku wanaimba, mpaka inashikana. Boriti ya mkoko haipatikani ndefu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, hata mwenye nyumba awe tajiri vipi. Mti ndio uliopima nyumba.

Niwaeleze boriti moja, niliyoiandika namba 17. Katikati ni nyeusi, imekula moshi wa taa na udi. Ncha zote mbili ni nyeupe kwa kiasi cha shubiri mbili: hapo ndipo ilipolala ndani ya ukuta, na chokaa imeingia kwenye nyuzi za mti, ukikwangua kwa ukucha haitoki. Mpaka baina ya weusi na weupe umenyooka kama umepigwa kamba ya fundi. Hatua moja kutoka ncha ya kushoto pana misumari miwili imepindwa kwa nyundo, na chini yake mti umelika, pana mfuo laini unaopitisha kidole. Ni kamba iliyosugua pale. Nilipomwonesha mama alinyamaza, halafu akasema, "Hapo palifungwa susu. Mimi nimelazwa hapo, na wadogo zangu wote."

Tangu siku ile nimeacha kuzipiga msasa. Mwanzo nilikuwa nazisafisha mpaka mti unatoka mpya, nachonga umbo langu juu yake. Sasa naona kila nilipopiga randa nimefuta kitu ambacho mimi siwezi kukitengeneza.

Nimefanya kazi mbili. Ya kwanza ni boriti tisa zimesimamishwa wima uani, zimepangwa kwa safu kama zilivyokuwa zimepangwa darini, mtu anapita katikati yake. Ya pili ni ile lipu. Ukivunja kipande ukakitazama ukingoni, unaona matabaka ya chokaa iliyopakwa mwaka baada ya mwaka: nyeupe, buluu, nyeupe, kijani cha maji, buluu tena. Kwenye kipande kimoja nimehesabu matabaka 14. Nimevipanga vipande kwenye fremu ya mbao kwa kuvilaza ubavu, ukingo ndio uso, ukisimama mbali unaona mistari kama kitambaa cha kikoi.

Shida zangu ni tatu. Zile boriti tisa nilizisimamisha kwenye vitako vya saruji, na baada ya miezi minne ncha zilizo ndani ya saruji zimeanza kuoza na kumenyeka, na ukingo wa vitako umetoa unga mweupe wa chumvi. Pili, nne kati yake zina vitundu vya bungua na kila asubuhi nakuta vumbi chini. Tatu, kuna mtu anataka kuzinunua, na mimi sijui kama ni haki kuuza nyumba ya bibi yangu kipande kipande. Karibuni.

#2 Mwana_Kibokoni (Mombasa)

Pole sana dada kwa nyumba. Lakini niulize kwa heshima. Boriti kazi yake ni kubeba dari. Nyumba ya nyanya yangu hapa Mji wa Kale inavuja, na mafundi wanasema dari yote ibadilishwe. Boriti nzuri ni shida kupata. Sasa nikisoma kwamba umetoka na boriti 41 na nyingine zimesimamishwa uani watu wazitazame, moyo unaniuma kidogo. Mti mzima si bora urudi kazini?

#3 Kidaka_cha_Bibi

Kaka yangu, swali lako ni la haki na nilipaswa kuanza nalo. Kati ya 41, nzima zilikuwa 23. Hizo hazikuja kwangu. Zimekwenda nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na yetu, kwa sababu vipimo vya vyumba vinalingana, na sasa zinabeba dari. Nilizobaki nazo ni 18, ambazo zimevunjika au ncha zimeoza kiasi kwamba hazifiki tena ukuta hadi ukuta. Namba 17 imepasuka katikati toka juu mpaka chini. Boriti inayoweza kubeba siigusi, na nikikuta msanii anakata boriti nzima nitamwambia hivyo hivyo.

#4 Fundi_Chokaa (Unguja)

Mwanangu, umenigusa. Mimi nimeanza kazi ya chokaa kijana mdogo, nikibeba maji kwa babaangu mdogo. Nakujibu kwa mpangilio wa uharibifu wenyewe.

Saruji ndiyo iliyokuponza. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Ukuta wa chokaa unakunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka, kila siku, miaka na miaka. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, yanatafuta njia, na njia yake ni mti. Nyumba ngapi za hapa zimekufa kwa huruma ya mtu aliyetaka kuziimarisha, akapiga lipu ya saruji nje! Ndani boriti zinaoza ncha, nje ukuta unang'aa, siku moja dari inashuka. Ncha ulizozizika zilikaa ndani ya chokaa umri mzima wa nyumba zisidhurike, ukazitia kwenye saruji miezi minne tu zikaanza kumenyeka. Umeyaona mwenyewe.

Ule unga mweupe ni chumvi. Mawe yetu yametoka baharini, na mchanga mara nyingi nao umetoka ufukweni. Maji yanapotembea yanaibeba chumvi mpaka usoni, yanakauka, chumvi inabaki na kukua kama mbegu, inasukuma na kubandua. Usiisafishe kwa maji, utairudisha ndani. Isugue kwa brashi kavu.

Ufanye hivi. Vunja vile vitako taratibu kwa tindo, usipige mti. Ncha iliyooza ikwangue mpaka ufike kwenye mti ulio hai. Ukidunga patasi ikazama kama kwenye mkate, bado hujafika. Halafu usiizike tena boriti. Isimamishe juu ya jiwe, lililochimbwa shimo dogo la kupokea ncha, na pale chini utoboe tundu maji yatoke. Ukitaka kushikiza, tumia chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Kule juu weka kitu cha kuzuia isianguke. Waashi wa zamani hawakuacha mti ukae majini.

Kuhusu bungua: usipake oili chafu ya gari kama wengi wanavyofanya, utapoteza ule weupe wa ncha na harufu haitatoka. Tafuta boraksi, iyeyushe kwenye maji ya moto, paka kwa brashi mara mbili tatu, uipe muda inywe, hasa kwenye vitundu na kwenye mipasuko. Anika kivulini. Jua kali litapasua mti ambao umezoea giza la dari. Na hizo nne zitenge na wenzake leo hii, usisubiri kesho.

Sasa hiyo lipu. Umesema umevipanga vipande ubavu. Umevishika kwa nini?

#5 Kidaka_cha_Bibi

Kwa gundi ya mbao, fundi. Naogopa jibu lako.

#6 Fundi_Chokaa

Usiogope, gundi ile itashika mwaka mmoja miwili, kisha unyevu wa masika utailegeza. Sikiliza. Chokaa ni jiwe lililochomwa. Unachukua matumbawe, unayapanga juu ya magogo, unachoma, moto unaitoa ile hewa iliyokuwa ndani ya jiwe, unabaki na chokaa kali. Ukiitia maji inachemka na kuwa unga au uji. Ukishaupaka ukutani, polepole unairudisha ile ile hewa ndani yake na kuwa jiwe tena. Kwa hiyo lipu ya bibi yako ni jiwe. Haiwezi kushika kitu yenyewe mpaka ichomwe upya. Lakini ukiisaga na kuichekecha, inakuwa mchanga bora kuliko mchanga wowote, kwa sababu ni ndugu wa chokaa mpya, vinashikana vizuri. Chukua sehemu tatu za lipu iliyosagwa na moja ya uji wa chokaa uliokaa pipani miezi kadhaa. Huo ndio utakuwa mshiko wa vile vipande vyako. Paka nyembamba. Kila tabaka lifunike kwa gunia bichi siku kadhaa. Chokaa inayokauka upesi haigeuki jiwe, inageuka vumbi, utaipuliza kwa mdomo na itaondoka.

Hapo kazi yako itakuwa nyumba ile ile, imeshikwa na nyumba ile ile.

#7 Mkomani_Mkongwe (Lamu)

Salamu kutoka Amu. Niongeze kitu kuhusu majina, kwa sababu majina nayo yanapotea pamoja na nyumba.

Watu wanasema "boriti" kama kwamba ni mti. Kwa wakata mikoko wa huku, boriti ni unene. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea mpaka banaa. Fito ni za kukandikia nyumba ya udongo na za kuezekea, mazio ni nyembamba kuliko boriti, nguzo ni nene zaidi. Mti wenyewe mara nyingi ni mkoko, mkandaa au muia, na mkono wa mzoefu unautambua hata umekauka miaka mingi. Kwa hiyo dada, kwenye kadi ya kila kipande usiandike "mbao ya zamani". Andika unene kwa jina lake na mti kwa jina lake kama umeutambua.

Halafu msisahau miti hii ilikuwa biashara. Majahazi yaliibeba kutoka hapa na kutoka delta ya Rufiji mpaka Uarabuni na Ghuba, ambako hakuna miti ya kuezekea. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Boriti ya nyumba iliyojengwa kabla ya hapo imekatwa wakati misitu hii ilikuwa inalisha bahari nzima. Leo kila boriti mpya ni mkoko uliotolewa kwenye mazalia ya kamba na samaki. Mimi nikiona kipande cha zamani kinachomwa kuni, najua kuna mwingine mbichi utakatwa kwa kazi ambayo kipande kile kingeifanya.

#8 Mtoto_wa_Chang'ombe (Dar)

Mimi nasoma sanaa, na uzi huu umenifundisha kuliko muhula mzima. Naomba niwaletee watu wawili kutoka nje ambao kazi zao zinasemezana na ya Bi Kidaka.

Kuna Mwitaliano Giuseppe Penone. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 anachukua gogo lililopasuliwa kiwandani, lile la pembe nne la kujengea, anachagua pete moja ya umri wa mti, anaifuata kwa patasi urefu wote, anaondoa kila kilichokua baada yake. Vile vifundo ambavyo kwenye ubao tunavichukia anaviacha, na vinatokea kuwa matawi. Mwishowe ndani ya gogo la ujenzi unaona umesimama mti mdogo, ule ule ulivyokuwa ulipokuwa mchanga. Sehemu ya chini ya gogo anaiacha kama ilivyo ili ujue umetoka wapi.

Wa pili ni Ai Weiwei wa China. Mwaka 2007 kule Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta 12, alisimamisha mnara wa milango na madirisha 1,001 ya mbao kutoka nyumba za enzi za wafalme wa Ming na Qing zilizobomolewa. Ulikaa nje. Baada ya siku chache ikaja dhoruba, mnara wote ukajikunja na kuanguka. Yeye akasema ubaki hivyo hivyo ulivyoanguka. Nikiwaza nyumba zilizotoa milango ile, naona upepo ulirudia yaliyozipata.

Kwa hiyo dada, ile ya Penone umewahi kuifikiria? Kuchonga boriti mpaka umfikie mkoko mchanga ndani yake?

#9 Fundi_Chokaa

Kijana, umeeleza vizuri na mzee huyo namheshimu. Lakini tazama tofauti. Gogo lake limepasuliwa kwa msumeno, mti umefichwa, ndiyo maana anaufukua. Boriti haijapasuliwa. Ni mti mzima uliomenywa gamba ukalazwa. Ukiishika unasikia pale matawi yalipokatwa kwa shoka, na unasikia upi ulikuwa upande wa mizizi, maana ni mnene zaidi. Hakuna cha kufukua. Ukichonga utakuwa unaondoka kwenye mti, huuendei.

#10 Kidaka_cha_Bibi

Fundi, hili nimelisoma mara tatu. Nimetoka uani kuzishika boriti gizani, na ni kweli, upande wa mizizi unaujua kwa kiganja. Nimegundua pia kwamba darini walizipishanisha, moja mizizi mashariki, inayofuata mizizi magharibi, ili dari iwe sawa. Mimi nilizisimamisha zote mizizi chini. Zinarudiwa.

#11 Baraza_ya_Nje (Unguja)

Nimewahi kufanya kazi ya kupima na kuchora nyumba za Mji Mkongwe, kwa hiyo niseme upande ambao hautafurahisha.

Sanaa hii ni nzuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Kitu cha zamani kikipata bei, nyumba ya zamani inapata adui mpya. Nimeona nyumba mbili ambazo zingeweza kuokolewa zikiachwa zivuje kwa makusudi, kwa sababu milango na boriti zilishapata mteja. Nimeona pia boriti mbichi zimekatwa juzi, zikachomwa kidogo kwa moto wa makuti, zikapakwa chokaa ncha, zikauzwa kwa mwenye hoteli kama za nyumba ya kale. Mteja hakujua. Mikoko ilikatwa, historia ikatungwa, na fundi wa kweli akakosa kazi.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo kwa moyo wote. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Kabla hujatoa hata kipande kimoja nje ya eneo la nyumba, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe uwaambie. Milango ya nakshi isiingizwe kabisa kwenye habari hii, iachwe kwenye kuta zake. Na kifusi cha majengo ya umma si chetu. Beit al-Ajaib ya hapa Mji Mkongwe, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoanguka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, kuna walioniuliza kama wanaweza kupata jiwe moja la ukumbusho. Hapana. Jiwe lile lina mahali pake pa kurudi.

Na kubwa kuliko yote: andika. Picha ya kipande kikiwa bado ukutani au kifusini, chumba gani, ukuta upi, urefu, mti, nani alikitoa, tarehe. Nakala moja iende na kazi, moja ibaki na familia. Kipande kisicho na maandishi hayo ni kuni tu kilichopata bahati, na msanii mwaminifu hatofautiki na yule wa moto wa makuti.

#12 Mwana_Kibokoni

Baraza, hapo kwenye kuandika naungana na wewe. Na Bi Kidaka, nimesoma jibu lako la 23 na 18, moyo umetulia. Samahani kama nilianza kwa ukali.

#13 Mtoto_wa_Chang'ombe

Kuhusu kuuza, kuna mfano wa Chicago. Theaster Gates alinunua jengo la benki la mwaka 1923 kusini mwa mji ule, lilikuwa linangoja kubomolewa, jiji likampa kwa dola moja. Akakata marumaru ya ndani ya jengo vipande vidogo, akavichora kama hati za benki, akaviuza dola 5,000 kila kimoja mwaka 2013, na fedha ikarudi kutengeneza jengo lenyewe. Lilifunguliwa 2015 kama nyumba ya sanaa na maktaba. Yaani sehemu iliyoharibika ililipia sehemu iliyobaki.

Nyumba ya bibi bado ina chumba cha mbele na ngazi, sivyo?

#14 Udongo_Mwekundu (Dodoma)

Mimi niko bara, hatuna matumbawe, tuna tembe. Nawaandikia kwa sababu nimefanya jambo lile lile kwa udongo na ningependa lisikike.

Tembe ya Wagogo ni nyumba ya chini, kuta za miti iliyokandikwa, na dari bapa ya miti iliyofunikwa udongo. Watu wakihamia nyumba ya bati tembe inaachwa, mvua mbili tatu inalala chini. Mimi naenda na ndoo. Udongo wa ukuta ambao haukuchomwa wala kuchanganywa na saruji una sifa moja ya ajabu: ukiuloweka usiku kucha, asubuhi umekuwa tope, tayari kukandikwa tena, kana kwamba haujawahi kuwa ukuta. Chokaa yenu inageuka jiwe. Udongo wetu unasahau.

Hapo ndipo nilipokwama miaka miwili. Nikiuloweka wote, nyumba inapotea ndani ya ndoo. Alama ya vidole vya mama aliyekandika inapotea, na vidole vile unaviona wazi, vinne vinne, vimeburuzwa kutoka juu kwenda chini. Sasa nafanya hivi: mabonge yenye alama za vidole nayaacha makavu, siyaloweki, napaka tu nyuma yake gundi ya wanga niliyoipika nyepesi ili yasimomonyoke. Yale yasiyo na alama ndiyo naloweka, nayafanya kuwa ukuta mpya wa kuyashikilia yale makavu. Mama mmoja alikuja, akaweka vidole vyake kwenye bonge lililotoka nyumbani kwake. Vikaingia.

#15 Ndugu_wa_Muttrah (Maskati)

Nimesoma mpaka hapa na machozi yananilenga. Mimi nimezaliwa Unguja, nimekulia huku Oman. Nyumba ya babu yangu mzaa baba huku ina dari ya miti ile ile, wenyeji wanaiita chandal. Vyumba vyake ni vyembamba vile vile. Nilikuwa nadhani ni desturi ya Waarabu. Sasa naelewa kwamba mkoko wa Rufiji au wa Lamu ndio uliopima chumba nilicholala utotoni. Juu ya chandal huku wametandika mikeka ya makuti ya mtende badala ya mawe, halafu udongo.

Bi Kidaka, nikikutumia picha ya miti yetu, ncha na alama zake, ungependa kuwa nayo?

#16 Kidaka_cha_Bibi

Ndugu yangu wa Muttrah, tuma leo, nakuomba. Tuma na urefu wa kila mti na upana wa chumba.

Wakuu, zimepita wiki tatu, nimerudi na habari.

Vitako vyote nimevunja. Ncha mbili zilikuwa zimeoza zaidi ya nilivyodhani, nikakwangua mpaka nikapoteza weupe wote wa upande ule. Imeniuma, lakini nimeandika kwenye kadi kwamba kosa ni langu na nimeeleza la saruji, ili atakayekuja baadaye ajue. Nimezilaza zile zenye bungua chumba cha peke yake, nimepaka boraksi mara tatu, na hii ni siku ya nane sijaona vumbi. Mawe ya kusimamishia nimeyapata kifusini kwetu wenyewe. Sasa zinapishana kama darini, moja mizizi juu, inayofuata mizizi chini. Ukipita katikati, mstari ule wa mpaka wa chokaa unakufuata usawa wa kifua, kisha unakuruka, kisha unarudi.

Nimekwenda Mamlaka na orodha ya vipande vyote, picha na vipimo. Walinipokea vizuri na wakanitaka niongeze mchoro wa chumba unaoonesha kila boriti ilikaa wapi. Tuliuchora na mama usiku mmoja mezani, yeye akiwa amefumba macho. "Hapa palikuwa na kitanda cha bibi yako. Hapa kabati. Namba 17 ipo juu ya mlango wa ndani, si katikati kama ulivyoandika." Nilikuwa nimekosea.

Kuhusu kuuza, tumekaa kikao cha ukoo. Wajomba walikubali mfano wa Chicago baada ya kuwaeleza mara mbili: fremu tano za lipu zitauzwa, na kila senti itakwenda kwenye dari ya chumba cha mbele, kwa chokaa, si saruji. Zile boriti tisa haziuzwi. Zitakaa nyumbani, na chumba kikitengenezwa zitaingia humo. Vipande sita vya kidaka vinarudi ukutani, mjomba mkubwa amesema hilo halijadiliwi na mimi nimefurahi kuambiwa hivyo.

Yule mnunuzi wa kwanza alitaka zote tisa kwa pamoja, akaongeza bei mara mbili. Nimemwambia aje anunue lipu.

Udongo Mwekundu, gundi ya wanga unapika kwa wanga wa muhogo au wa mahindi? Kuna vipande vya buluu vinamenyeka na sitaki kuvigusa mpaka nijue.

Na Fundi, kama afya inaruhusu, Jumamosi baada ya alasiri tunaanza kuchekecha lipu kwa ajili ya mshiko. Uji wa chokaa nimepewa na fundi wa Malindi, amesema umekaa pipani tangu Ramadhani. Nitakuwekea kiti kivulini na kahawa, wewe uwe unatazama mkono wangu tu na kunisimamisha.